Wafiwa wa Mto Kalinitsa

Velika alikuwa hajanisemesha tangu siku tulipowafunga Wajerumani.

Msidhani alikaa mbali. Kila asubuhi alikuja kwenye mkahawa wangu, akakaa meza ya dirishani, akanywa kahawa yangu na kuisema vibaya. Ila maneno yake hayakunijia mimi. Yalipitia kwa mzee Rusi, mfuga mbuzi, ambaye kiti chake kiko katikati.

"Rusi, mwambie huyo mwanamke kahawa yake leo imeungua."

"Sevda, kahawa imeungua."

"Mwambie asiyeitaka aiache."

"Velika, anasema uiache."

"Mwambie nimeshailipia."

Rusi akiugua, Velika aliongea na paka. Paka wangu amesikia mengi maishani mwake.

Wajerumani tuliwafunga katika lile Kombe la Dunia la Marekani, na kama hukuwepo Bulgaria jioni ile usitake nikusimulie, hutaelewa. Mchana wake Velika alikuwa amemletea mume wangu, Asen, blanketi ambalo yeye Velika alifumiwa na mama yake kwa ajili ya harusi yake, jekundu kwa jeupe, lenye manyoya marefu, lifuliwe kwenye pipa letu. Pipa hilo ni kubwa, limezikwa ardhini hadi shingoni kando ya mto Kalinitsa. Maji ya mto yanaliangukia kwa mfereji wa mbao, yanazunguka kwa fujo, yanafua sufi bila sabuni wala mkono wa mtu. Blanketi likikaa humo saa chache linatoka laini, manyoya yamesimama. Likisahauliwa linajikunja, linanuna, wala halikunjuki tena.

Asen alilisahau. Goli la pili lilipoingia alitoka mbio barabarani na soksi zake, akaimba na wenzake mpaka jogoo wakawaonea aibu. Kesho yake tulilivua blanketi lililoingia likiwa la kufunika bwana harusi, bibi harusi na mama mkwe akitaka. Likatoka la kumtosha paka, gumu kama ubao. Velika alilitazama, akalitia kwapani, akaenda zake. Neno la kuniambia halikutoka siku ile, na miaka ikapita halijatoka.

Ungeuliza, kosa la Asen, mbona ninuniwe mimi? Kwa sababu Asen alikuwa mtoto wa kijiji, na mimi niliolewa hapa Gorna Bukva kutoka bonde la pili. Nina miaka arobaini hapa. Bado ni mgeni.

Asen sasa yuko makaburini. Pipa lipo. Alilichonga mwenyewe, ubao kwa ubao, msimu wa baridi tuliooana, na mpaka leo nikilisikia linanguruma chini ya dirisha langu ndipo napata usingizi. Watu bado wananiletea mablanketi na mazulia, hata kutoka mjini. Kwa hiyo niliposikia kwamba kampuni fulani inataka kuyachukua maji ya Kalinitsa juu ya kijiji, iyatie kwenye bomba, iyapeleke chini kabisa bondeni yakazungushe mtambo wa umeme, nilitoka kwenda kulitazama pipa. Na nani aliyeniambia? Si mwenyekiti wa kijiji. Si gazeti. Aliniambia Mwalimu mwenye ndevu kutoka Plovdiv, aliyekuja kupanga vyumba vyangu vya juu.

Huyu aliitwa Boyan, mwalimu wa chuo kikuu, na somo lake lilikuwa siasa na sera za mazingira. Alikuja na wanafunzi wake wawili. Msichana, Yoana, alikuwa mwembamba na mkali, wa kukutazama kana kwamba umemficha kitu. Kijana, Plamen, alikuwa mkubwa, mpole, na tumbo lake lilikuwa limewatangulia wenzake kushuka kwenye gari.

"Shangazi Sevda," Mwalimu akaniambia siku ya kwanza, macho yakimng'aa, "mimi sifundishi darasani. Darasa langu halina kuta!"

"Basi na jiko la kuotea moto hulihitaji," nikasema. "Kuni ni ghali."

Akacheka, lakini jioni baridi ya Oktoba iliposhuka mlimani alikuja kuomba kuni.

Kazi yao ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na dodoso, kuuliza watu wanauonaje mradi huo wa umeme, ili wajue wananchi wanashirikishwaje. Dodoso lilikuwa refu. Nililisoma. Lilikuwa na maswali kama, "Kwa kipimo cha moja hadi saba, unajihisi una sauti kiasi gani katika maamuzi yahusuyo maliasili?" Nikawaambia, "Wanangu, mtu wa huku mkimuuliza hivyo atawapa chakula."

Na ndivyo ilivyokuwa. Plamen alirudi siku ya kwanza amekumbatia chupa mbili za rakia, pombe yetu kali ya matunda, mtungi wa pilipili za siki na nusu sinia ya patatnik, ile ya viazi na jibini, ingali moto. Karatasi zake zilikuwa nyeupe vilevile.

"Maswali?" Mwalimu akamuuliza.

"Nilianza, Mwalimu. Bibi akaniambia kula kwanza. Nikala. Nikauliza. Akasema huli, unaogopa nini. Nikala tena."

"Na yeye anauonaje mradi?"

Plamen akafikiri. "Anaona nimekonda."

Yoana alifanya vizuri zaidi, maana alirudi na majibu. Kila nyumba ilikuwa imemjibu kwa adabu, na kila nyumba ilikuwa na mjukuu asiye na mke. Wale waliojaliwa kuufikia mto katika mazungumzo walisema jambo moja: litakalokuwa litakuwa, wakubwa wameshaamua, ongeza chai.

"Wamekata tamaa," Mwalimu akasema, akiandika upesi upesi. "Hii ni data."

"Huko ni kutojua," nikasema mimi. "Mto wanauchota, wanauoga, wanausikia usiku kucha. Hawajui kama unakwenda kuchukuliwa."

"Lakini lazima walitangaziwa," Yoana akasema. "Sheria inataka tangazo libandikwe hadharani, halafu kifanyike kikao cha kusikiliza maoni. Kama kikaoni hakuna mtu aliyeandikwa kwamba anaathirika, mradi unapita. Mwalimu, kikao ni lini?"

Mwalimu akatafuta kwenye simu yake, akapandisha miwani, akaishusha. "Alhamisi hii," akasema. "Saa nne asubuhi. Ukumbi wa utamaduni wa hapa hapa."

Ilikuwa Jumatatu. Tangazo lilikuwa limebandikwa wapi?

Hadharani katika Gorna Bukva ni mahali pamoja tu, ukuta wa mkahawa wangu. Na ukuta wangu, kama ukuta wowote wa nchi hii, ni mali ya marehemu. Mtu akifa kwetu, jamaa zake wanabandika tangazo lenye picha yake. Akitimiza siku arobaini, wanabandika jingine. Miezi sita, jingine. Mwaka, jingine. Chini kabisa yanaandikwa majina ya wafiwa, na hapo ndipo watu husoma kwa makini, kuona nani katajwa, nani kasahauliwa na nani katangulizwa. Watu wa hapa hawanywi kahawa kabla hawajapita ukutani kuangalia nani ametutoka.

Yoana alitoka nje na kuanza kuukagua ukuta kama daktari wa meno. Akafika kwa Hariton, mume wa Velika, aliyekuwa ametimiza miezi sita. Akaona kona ya karatasi nyingine imechungulia chini yake. Akaingiza ukucha. Akavuta.

"Yesu na Maria!" Velika alikuwa mlangoni. "Rusi! Anamchuna mume wangu! Rusi, huyu mtoto anamchuna Hariton!"

"Samahani, bibi, kuna tangazo la serikali chini ya..."

"Toa mkono! Toa mkono kwenye shavu la marehemu!"

Nilitoka mbio. Na kweli, chini ya Hariton, kwa herufi ndogo zisizo na picha, lilikuwepo tangazo la kampuni. Velika alikuwa amempaka gundi marehemu wake juu yake bila kulitazama, maana karatasi isiyo na uso kwetu si tangazo, ni takataka. Na mtu akishabandikwa hapo hakuna wa kumbandua, mpaka mvua imchukue. Mto wetu wote ulikuwa umefichwa nyuma ya Hariton majuma matatu, naye akitabasamu.

"Rusi," Velika akasema, akilainisha kona kwa kiganja, "mwambie huyo mwanamke awafunge wageni wake."

Jioni ile Yoana hakula. Alikaa mezani akiandika, akifuta, akigonga kalamu. Mwalimu alikuwa akieleza jinsi kisa hiki kitakavyokuwa mfano bora katika makala yake kuhusu upashanaji habari.

"Mwalimu," Yoana akamkata, "hawa watu hawasomi chochote ila vifo."

"Ndiyo, inavutia sana."

"Basi mto ufe."

Plamen akaacha kutafuna, jambo lililotuogofya zaidi kuliko maneno yenyewe.

"Hapana," Mwalimu akasema. "Sisi ni watafiti. Mtafiti hatii mkono kwenye chungu anachokipima."

"Muhula mzima ulitufundisha ushirikishwaji!"

"Nilifundisha kuhusu ushirikishwaji. Ni tofauti kabisa."

Nikamwekea rakia mbele yake. Nikamwambia, "Mwalimu, sikiliza hicho." Dirisha lilikuwa wazi. Pipa la Asen lilikuwa linanguruma chini gizani. "Hilo alilichonga mume wangu. Wiki hii maji yakisainiwa, litakuwa kuni. Na wewe utaandika makala nzuri. Kunywa."

Akanywa. Akasikiliza. Akanywa ya pili. Mwishowe akavuta karatasi ya Yoana kwake na kusema, "Kwanza kabisa, 'majonzi' umeikosea tahajia."

Tangazo lilichapwa mjini asubuhi iliyofuata, na mimi mwenyewe nilichanganya gundi ya unga. Lilikuwa na ukingo mweusi na msalaba, kila kitu kwa desturi. Kwa picha Plamen alikuwa ameupiga mto pale penye daraja. Kwa bahati mbaya mbuzi wa Rusi alikuwa amesimama katikati akitazama kamera, na mbuzi huyo ni wa kuvutia, kwa hiyo mto ulionekana kidogo tu, kati ya miguu yake. Chini yake iliandikwa:

"Kwa majonzi makubwa tunawatangazia kifo kinachotarajiwa cha mpendwa wetu Kalinitsa, aliyetufulia, aliyetusagia, aliyetubatiza. Ataagwa Alhamisi, saa nne asubuhi, ukumbi wa utamaduni. Wafiwa: Sevda. Rusi na mbuzi wake."

Majina hayo yalikuwa hayo kwa sababu moja tu: watu wengine walikuwa hawajamaliza kujaza dodoso, na Yoana, mkali kama alivyo, alikataa kumtaja mtu bila idhini yake. Sisi hatukulifikiria jambo hilo. Mimi hasa nilipaswa kulifikiria.

Jumatano nilikuwa sijafungua mlango vizuri mzee wa kwanza akaja juu. "Nani ameandika hili?"

"Mto unachukuliwa," nikaanza kumweleza, "kuna kampuni inataka kuutia..."

"Nimesoma, nimesoma, kampuni, sawa. Mimi niko wapi?"

"Wapi vipi?"

"Kwenye wafiwa! Babu yangu alizama katika mto huu! Amezama kabisa, akafa! Na aliyeandikwa ni mbuzi?"

Nyuma yake alikuja mke wa mwokaji, ambaye alitongozwa darajani. Wakaja ndugu wawili ambao kinu cha baba yao kilikuwa kwenye Kalinitsa na ambao walikuwa hawaongei kwa ajili ya kinu hicho hicho, na sasa walikuwa wakipiga kelele kwa sauti moja. Kufika mchana mkahawa wangu ulijaa wafiwa wasiotajwa. Sikuwahi kuuza kahawa nyingi namna ile. Kufa kufaana, wahenga hawakukosea.

Akaja pia Grozdan, mwenyekiti wa kijiji, na huyu ndiye aliyekuwa ameisainia kampuni barua ya kuunga mkono, maana waliahidi kuezeka upya ukumbi wa utamaduni. Nilijiandaa kwa matusi. Lakini Grozdan alikuwa amekunja uso kwa jambo jingine.

"Sevda, mimi ni mwenyekiti," akasema, akiteremsha sauti. "Msiba wowote wa kijiji hiki mimi huwa wa tatu. Baada ya mjane na watoto, mimi. Imekuwaje?"

"Grozdan, wewe ndiye uliyesaini wamuue."

"Hilo ni la ofisini," akasema kwa uchungu wa kweli. "Hili ni la heshima."

Plamen na Yoana walipita katikati ya meza wakisema, "Njooni Alhamisi, mtaandikwa wote, kila mtu na sababu yake." Mwalimu alisimama karibu na jiko akitikisa kichwa na kuandika, akitikisa kichwa na kuandika.

Velika alibaki nje. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, akisoma. Kisha akaingia, akakaa, akamtazama paka, kwa sababu Rusi alikuwa nje akipokea rambirambi za mbuzi.

"Mwambie," akamwambia paka, "kwamba watu wa kuja na kuolewa hawajiweki mbele ya wazawa."

Hayo yalinichoma, nasema ukweli. Niliingia jikoni nikakata vitunguu ambavyo hakuna aliyeviagiza.

Alhamisi saa nne, mtu wa kampuni alikuwa ukumbini ameshapanga projekta yake na viti vichache. Aliitwa Danail, kijana wa viatu vilivyochongoka, na alikuwa ameleta pakiti moja ya biskuti kwa wananchi wote. Kando yake alikaa Bi Penka wa ofisi ya mazingira ya mkoa, mwanamke mnene mtulivu mwenye kompyuta, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kumbukumbu za kikao. Walikuwa wakiangalia saa, tayari kufunga.

Ndipo ikaanza kusikika kengele ya kanisa. Hakuna aliyemtuma mpiga kengele. Alisoma tangazo, akafanya kazi yake.

Waliingia kwa nguo nyeusi. Waliingia na mishumaa, na mikate, na sahani za ngano iliyochemshwa kwa sukari kama ilivyo ada, na divai ya kumwagia kaburi ambalo hakuna aliyejua liko wapi. Rusi aliingia na mbuzi, utepe mweusi kwenye pembe yake. Wanawake walianza kulia mlangoni, na nilishuhudia kwa macho yangu mke wa mwokaji akilia machozi halisi. Msiba wa wengi ni harusi, na huu ulikuwa wa kijiji kizima. Danail alisimama, akakaa, akasimama tena, mtu akamtilia ngano mkononi.

"Mungu amsamehe," wakamwambia.

"Nani?" akauliza Danail.

"Kula, mwanangu."

Alijaribu kuonyesha picha zake. Kwenye ukuta ulitokea mchoro wa bomba, na kijiji kizima kikafanya ishara ya msalaba. "Ndugu wananchi," akasema, "mto haufi! Asilimia kumi ya maji itabaki!"

"Asilimia kumi ya marehemu!" akalia mtu nyuma.

Bi Penka alikohoa. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilikuwa mbele yake. "Kama kuna anayeathirika," akasema, "aje mezani, ataje jina, aeleze anaathirikaje. Mmoja mmoja."

Sijawahi kuona foleni kama ile, hata enzi za ukomunisti, zamani za foleni. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa nani atangulie. Mwenye babu aliyezama alisema kuzama kunashinda vyote. Ndugu wa kinu walisema kinu kiliwalisha watu, babu yule aliwalisha samaki tu. Ikawa karibu kuchapana. Yoana alipanda juu ya kiti akapanga mstari kwa sauti ya afande, na Plamen akawagawia wanaosubiri mikate, ili wasipigane midomo ikiwa mitupu. Kila mmoja alifika mezani, akashika kofia, akaeleza kwa kirefu kilichowahi kumfika na ule mto, na Bi Penka akaandika. Mwenye bustani ya maharage aliandikwa. Aliyejifunza kuogelea aliandikwa. Kuna aliyesema tu kwamba akiwa na huzuni huenda kuutazama, akaona haya, akaondoka haraka, na yeye akaandikwa.

Grozdan alipofika mezani Danail aliruka. "Mwenyekiti! Wewe ulituandikia barua ya kuunga mkono!"

"Nilisaini kabla hajafa," Grozdan akasema kwa heshima kubwa. "Mama mwandishi, niweke wa tatu."

Mwishoni Bi Penka akainua macho. "Na huyu Sevda wa kwenye tangazo? Yupo?"

Nilikuwepo. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu usiku, mazuri, makali, ya kumkata mtu. Nikafika mezani. Nikafungua kinywa. Niseme nini? Kwamba pipa? Kwamba sauti? Kwamba mume wangu yuko makaburini lakini usiku yupo chini ya dirisha? Ukumbi wote ulinigeukia, na maneno yangu yote yakanitoroka. Nilisimama pale kama gogo, machozi yakinitoka mbele ya watu ambao kwa miaka arobaini sikuwahi kuwaonyesha hata chafya.

"Mama," Bi Penka akasema taratibu, "bila maelezo siwezi kuandika."

Kiti kikaburuzwa nyuma. "Rusi," nikasikia sauti ya Velika, "mwambie huyo mama mwandishi..." Kisha nikasikia hatua zake, na fimbo yake, na akasimama kando yangu, bega kwa bega, bila kunitazama.

"Andika," akamwambia Bi Penka. "Mume wa huyu, Asen, alilichonga pipa la kufulia kwa mikono yake, ubao kwa ubao, mimi nilimwona. Humo aliniharibia blanketi langu la harusi, mjinga yule, Mungu amrehemu. Maji yakikauka, huyu hatakuwa na mume tena hata wa kusikia, na mimi sitakuwa na wa kumlaumu. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Mweke wa kwanza. Kabla ya wote. Kabla yangu mimi." Akageuka kwa umati. "Na mwenye la kusema aje nje!"

Hakuna aliyekwenda nje. Velika akarudi kitini kwake, akakaa, akasema kwa sauti ya kawaida, "Rusi, mwambie aache kulia, ngano inapoa."

Bi Penka alihesabu kurasa zake, akampa Danail mkono wa pole, akamweleza kwamba kwa waathirika wengi namna hii sheria inataka uchunguzi mpya tangu mwanzo, wa mto mzima, wa mwaka mzima. Danail alikunja projekta. Biskuti zake alizisahau, na Plamen hakuzisahau. Kampuni haikufanya uchunguzi huo. Inasemekana ilikwenda kutafuta mto mwingine. Mungu awasaidie watu wa huko, natumaini wanasoma ukuta wao.

Mwalimu Boyan aliwapa wanafunzi wake alama nzuri, ingawa alimpunguzia Yoana kidogo kwa kutia mkono kwenye chungu, na akajipunguzia mwenyewe, akasema, alama zote. Waliondoka Ijumaa. Plamen hakuweza kufunga mkanda wa gari.

Jumamosi asubuhi nilikuwa chini mtoni nikitoa majani kwenye mfereji, nikasikia fimbo kwenye mawe. Velika alikuwa ameshika kitu chekundu kwa cheupe kwapani. Nilikitambua. Alikuwa amekitunza miaka yote hiyo, kigumu vilevile.

Hakukuwa na Rusi pale. Hakukuwa na paka. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akanitazama mimi.

"Sevda," akasema. "Labda likizungushwa tena litafunguka."

Sufi ikishajikunja haifunguki. Mimi najua, na yeye anajua kuliko mimi, amefuma tangu utoto. Nililichukua nikalitia pipani. Maji yakalidaka, yakaliingiza chini, yakalizungusha pamoja na majani ya vuli.

Velika akakaa kwenye jiwe, akapanga sketi yake vizuri.

"Leo kuna mpira?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Basi kaa hapa," akasema, akinisogezea nafasi. "Tulilinde wenyewe."